Orodha ya Sikudhani

Siku ya mwisho kabla ya Kiangazi, Sikudhani binti Mfaume aliketi kwenye meza yake kiwandani akaisoma, kwa mara ya thelathini na moja, karatasi ambayo kwa kweli hakuwahi kuisoma.

Karatasi yenyewe iliitwa Orodha ya Wote. Katika mji ule, joto lilipopanda na mashine zote zikazimwa, kila mtu alipewa siku sitini za kukaa na kusoma, na siku hizo ndizo zilizoitwa Kiangazi. Kamati ya Kiangazi ndiyo iliyosema watu wasome nini. Vitabu vilikuwa saba, vilevile miaka nenda miaka rudi: Faida za Utulivu, Historia Fupi ya Kamati, Historia Ndefu ya Kamati, Raia na Zamu Yake, Hotuba za Ufunguzi juzuu ya kwanza, Hotuba za Ufunguzi juzuu ya pili, na kile cha Utunzaji wa Mabomba, ambacho watu walikipenda kidogo kwa sababu kilikuwa na picha. Kiwanda kiliichapa orodha, kila raia akapata nakala yake, akaenda maktaba kuchukua vitabu vyake saba, akalala navyo kifuani chini ya feni mpaka Kiangazi kikaisha. Hakuna aliyelalamika. Nani huilalamikia mvua kwa kuwa inanyesha kuelekea chini?

Sikudhani alikuwa msahihishaji wa prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapa. Kazi yake haikuwa kujua karatasi inasema nini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha inakisema bila kosa. Macho yake yalipita juu ya maneno kama kuku anavyodonoa mtama: hapa nukta, pale mkato, hapa herufi imelala ubavu. Kuku haulizi shamba ni la nani. Na alikuwa hodari. Tangu aingie kiwandani hakuna hata kosa moja lililompita, na watu wakimwona njiani hunyoosha kola za mashati yao, wasije wakasahihishwa.

Basi siku hiyo alifika chini kabisa ya karatasi, kwenye mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Baada ya neno "raia" palikuwa na mkato. Mkato ule aliujua vizuri. Mwaka wake wa kwanza kazini aliuweka kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anaupita kama kawaida yake, nzi akatua pale. Akamfukuza. Nzi akaruka, akazunguka, akatua palepale. Akamfukuza tena, na mkono ulipoondoka, kwa kuwa alikuwa akimtazama nzi na si mkato, maneno yalimwingia yote kwa mpigo:

"Kila raia, akipenda, anaweza kuleta orodha yake mwenyewe kabla ya king'ora cha alasiri, na orodha hiyo ndiyo itakayokuwa Kiangazi chake."

Akasoma tena, polepole, kama mtu anayekanyaga maji asiyojua kina chake.

"Mzee Lukumbi," akamwita msimamizi wa mashine, mtu mzima aliyekuwa na wino mpaka kwenye nyusi. "Hebu njoo. Huu mstari umewekwa lini?"

"Upi?"

"Huu wa chini."

Mzee Lukumbi akafuta miwani yake kwa aproni, jambo lililoizidishia uchafu, akainama. "Huo? Huo upo tangu sijaajiriwa."

"Unasemaje?"

"Unasema..." Midomo yake ikaenda neno kwa neno, kisha ikasimama. "Eh! Hebu ngoja kwanza. Bi Sikudhani, huu sisi tumeuchapa."

"Tumeuchapa."

"Kila mwaka."

"Na mimi nimeusahihisha."

Wakatazamana. Kwanza ilikuwa aibu, aibu nzito ya watu waliokutwa wamevaa nguo kinyume sokoni. Halafu kona ya mdomo wa Mzee Lukumbi ikacheza, na Sikudhani akaiona, na wakacheka mpaka Mzee Lukumbi akaegemea mashine na kugonga kengele ya dharura kwa kiwiko, na kiwanda kizima kikasimama.

Mara thelathini, aliwaza Sikudhani akijifuta machozi. Mara thelathini nimeushika ufunguo mkononi, nikaung'arisha, nikaurudisha mezani. Sikuuliza mlango.

"Utaandika?" akauliza Mzee Lukumbi.

"Niandike nini? Sijui nipendacho."

"Sasa saa nne. King'ora saa kumi. Nenda kajiulize."

"Nimuulize nani?"

"Wewe," alisema Mzee Lukumbi, akielekeza kidole dirishani, kwenye mitaa. "Umejaa tele huko nje."

Inafaa kueleza hapa jinsi mji ule ulivyokuwa, maana si kila mji uko hivyo. Kule miaka ya mtu haikupotea. Ilihama mtaa tu. Ujana wako ulipokwisha, ulichukua mkeka wake na sufuria yake ukaenda kukaa upande mwingine wa mji, na hata ile miaka ambayo hujaifikia ilikuwa imekwisha kupanga vyumba ikakungoja. Ukipita sokoni ungeweza kukutana nawe mwenyewe unachagua nyanya. Watu wenye adabu waliinamisha kichwa wakapita. Haikuwa marufuku kujisemesha, ila ilihesabiwa kuwa ni kujidekeza, na tena mtu huogopa kuulizwa maswali. Sikudhani alikuwa amejipita hivyo mara nyingi, macho chini, mwendo wa haraka, kama mtu anayempita fundi aliyemwahidi kitambaa na hajampelekea.

Akaichukua nakala moja ya Orodha ya Wote, akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa mweupe kabisa. Akachukua na kalamu, akatoka.

Alipitia kwanza kwa mumewe, Shaweji, aliyekuwa mwokaji wa mikate. Alimkuta ameegemea meza ya unga, mikono imepauka mpaka kwenye viwiko, anapuliza chai.

"Shaweji, wanijua mimi napenda nini?"

Shaweji aliweka kikombe chini. Swali la namna hii likiulizwa na mke katikati ya mchana, mume mwenye akili hajibu haraka. "Unapenda chai isiyotiwa tangawizi," alisema. "Unapenda kulala upande wa ukutani. Unapenda kuniambia kwamba sentensi yangu haina kitenzi."

"Vitabu, namaanisha. Napenda vitabu gani?"

Akamwonyesha ule mstari. Shaweji akausoma, akapiga mluzi, akamtazama mkewe kwa muda, kama anayepima kama donge limeumuka vya kutosha.

"Nikwambie kweli, Siku?" Yeye peke yake ndiye aliyemwita Siku. "Tangu nikuoe sijakuona unasoma. Nimekuona unakagua. Hata barua niliyokuposea uliirudisha na alama nyekundu."

"Ilikuwa na makosa manane."

"Ilikuwa na makosa manane," alikubali Shaweji, akicheka, "na ukanikubali hivyohivyo. Sasa nenda. Ukirudi bila orodha nitalazimika kukusikia tena ukikoroma juu ya Utunzaji wa Mabomba, na mimi nimekwisha choka kuota mabomba."

Njiani kuelekea upande wa miaka yake ya nyuma, Sikudhani alitembea polepole, na mawazo yakamjia moja moja. Kutaka ni kiungo, aliwaza. Ni kama mguu. Usipoukanyagia kwa miaka mingi, siku ukishuka kitandani utauliza huu ni wa nani. Watu husema fulani ana hiari, kana kwamba hiari ni mfuko uliojaa, unatia mkono unatoa. Lakini mimi nikitia mkono natoa nini? Natoa nilichotiwa. Natoa Hotuba za Ufunguzi. Je, yupo mtu chini ya vile alivyotiwa, au ukitoa vyote mfuko unabaki mtupu, na mfuko mtupu ndio mimi? Na kama mfuko mtupu ndio mimi, mbona unaruka-ruka hivi kifuani? Maana ulikuwa unaruka-ruka. Alitambua kwa mshangao kwamba anatembea upesi zaidi kuliko alivyokusudia, na kwamba mkono wenye kalamu unapiga mapigo ya ngoma kwenye paja.

Nyumba ilikuwa na ngazi ya nje. Juu, katika chumba chenye dirisha moja, alimkuta Sikudhani wa miaka ishirini amelala chali juu ya mkeka, miguu ameitundika ukutani, anamung'unya ukwaju na kutemea kokwa dirishani.

"Shikamoo!" alisema yule msichana, akashusha miguu haraka.

"Marahaba," alisema Sikudhani, kisha akasita. "Lakini hebu ngoja. Wewe ndiye uliyetangulia kuja duniani. Mimi nimekuja baada yako. Sasa nani amwamkie nani?"

Msichana alilifikiria jambo hilo kwa makini sana, shavu moja limevimba kwa ukwaju. "Kweli. Mimi ndiye mkubwa."

"Basi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu msichana kwa sauti ya bibi kizee, na wote wawili wakaangua kicheko kilekile, chenye kwikwi mwishoni. Sikudhani hakuwa amekisikia kicheko chake kutoka nje hata siku moja. Alikipenda.

Akamweleza. Msichana hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Nyota," alisema papo hapo. "Kitabu cha nyota. Si cha kutabiri bahati, cha nyota zenyewe: ziko mbali kiasi gani, zinaungua nini. Nakudai... la, sikudai, lakini nilikwambia. Ukasema kesho."

"Mimi nilisema?"

"Kila siku. Kuta za nyumba hii nyembamba. Nakusikia kule uliko, kesho, kesho, kesho, kama bomba linalovuja."

Sikudhani akaketi chini kwenye mkeka. Akaandika: Kitabu cha nyota, zenyewe. Mwandiko wake ulikuwa umepinda.

"Halafu nataka cha mapenzi," aliendelea msichana. "Chenye barua zisizofika. Ndefu. Na usinione hivyo!"

"Sijakuona hivyo."

"Umeniona. Ulitaka kuandika kitu cha maana. Nisikilize, usinichagulie kitabu cha kunitengeneza niwe mtu mwema. Nimechoka kutengenezwa. Hebu fikiri, ungekuwa unakwenda kumtembelea rafiki, ungeuliza kwanza atakufaa nini?"

Sikudhani akaandika: Cha mapenzi, barua zisizofika, ndefu. Alipoandika neno "mapenzi" masikio yake yalipata moto. Msichana akampa kipande cha ukwaju, wakakaa wakimung'unya, mmoja wa ishirini na mmoja wa hamsini na mbili, na ule uchachu ukawakunja nyuso kwa namna moja.

Ilipofika saa saba alivuka mji kwenda upande wa miaka isiyofika. Huko hakuwahi kutia mguu. Watu wengi hawaendi, wanaogopa kutojikuta huko. Nyumba zilikuwa na vibaraza vipana, na kwenye kibaraza cha tatu aliketi bibi mmoja, miguu ameianika juani, kitabu magotini, kidole kwenye mstari. Meno hakuwa nayo, ila mawili. Alikuwa anatabasamu kwa hayo mawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu. Keti upande huu, ule una sisimizi. Nimekungoja siku nyingi, ambazo wewe hujaziishi."

Sikudhani alikuwa amelipanga jambo lake njiani, na alilisema bila kuzunguka. "Bibi, wewe umekwisha vuka Kiangazi changu cha mwaka huu. Unajua nilisoma nini. Unajua kipi kilikuwa kitamu na kipi kilikuwa makapi. Nipe orodha ninakili, mambo yaishe."

Bibi akatia mkono mfukoni mwa gauni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo imekuwa kama kitambaa. Sikudhani akanyoosha mkono. Bibi akairudisha mfukoni.

"Nikikupa, utakuwa umepewa tena."

"Lakini ni mimi! Nikijipa mwenyewe, hapo nani kanipa?"

"Kamati nayo husema kwamba Kamati ni wewe," alisema bibi. "Iko kwenye Historia Ndefu, ukurasa wa pili. Uliusahihisha."

Sikudhani alihisi hasira ndogo ya mtu aliyeshindwa hoja, na nyuma ya hasira akahisi kitu kingine, upana fulani, kama chumba kilichoondolewa kabati kubwa lililokuwa limeziba dirisha. Kwa hiyo hata yule nitakayekuwa hana amri juu yangu, aliwaza. Kama angekuwa nayo, leo hii ningekuwa mtumishi wa bibi mmoja mwenye meno mawili. Yeye anatokana nami. Leo ninayoyaandika ndiyo yatakayokuwa yamekunjwa mfukoni mwake. Nikiandika upuuzi, atakuwa ametembea na upuuzi miaka thelathini, na tazama, anatabasamu.

"Basi usinipe," alisema. "Lakini wewe mwenyewe unataka nini? Kama mgeni wangu, si kama mkubwa wangu."

Bibi akachangamka. Ilionekana hakuna aliyemuuliza hivyo kwa muda. "Ah! Mimi nataka herufi kubwa. Chochote, lakini herufi kubwa, na nafasi baina ya mistari, mtu aweze kupumua. Hivi vitabu vyenu vimebanana kama watu kwenye msiba wa tajiri."

Sikudhani akaandika: Chenye herufi kubwa.

"Na kimoja kigumu," bibi akaongeza. "Kigumu kweli. Cha kukushinda. Hiki hapa," akakigonga kile cha magotini, "nakisoma ukurasa mmoja kwa siku na sikielewi, na usiku nikilala nakiwaza, na asubuhi ndicho kinachoninyanyua kitandani. Mtu wa umri wangu akikosa kinachomshinda, mwanangu, kinachobaki ni kungoja chakula."

Akaandika hicho pia. Kisha, bila kuwa na hakika kama inafaa, akambusu bibi kwenye paji la uso. Lilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na karatasi.

Vinne. Vilibaki vitatu, na sasa hakuwa na wa kumuuliza ila yule aliyekuwa anatembea. Akapitia mtaa wa washona viatu, na hapo mtu mmoja aliyekuwa akicheka peke yake kwa jambo alilolikumbuka alimfanya asimame. Lini mara ya mwisho? Akaandika, karatasi ameiegemeza ukutani: Cha kunichekesha mbele za watu, hata wanione mwehu. Hatua mia mbele akasimama tena. Katika maisha yake alikuwa amemaliza kila alichoanza, kila ukurasa, kila sahani, kila mazungumzo ya kuchosha. Akaandika: Nitakachokiacha katikati, na nisione haya. Aliposoma maneno hayo alijihisi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana katikati ya barabara, akasimama na soksi moja, watu wanapita.

Cha saba hakikuja.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa maktaba. Sikudhani alifika ikiwa imebaki robo saa. Kwenye meza ndefu aliketi Mwenyekiti, Bwana Ngoda, mtu mpole mwenye mashavu yaliyolegea, ambaye alikuwa amefungua Viangazi vingi hata akisalimia nyumbani kwake husema "ndugu wananchi". Kando yake alisimama Bi Mashavu, mkutubi. Mlangoni, mpiga king'ora alikuwa amekwisha shika mpini. Watu walikuwa wamejipanga na Orodha zao za Wote mkononi, wakingoja vitabu vyao saba.

"Nimeleta orodha yangu," alisema Sikudhani.

Mstari mzima ukageuka. Bwana Ngoda akatazama karatasi kama mtu aliyeletewa mtoto asiyemjua ashike. "Hakuna aliyewahi kuleta orodha."

"Ni kwa sababu hakuna aliyesoma mstari wa chini. Hata mimi, niliyeuwekea mkato."

Mwenyekiti akasoma mstari wa chini. Akamnong'oneza Bi Mashavu: "Huu uliandikwa na nani?" Bi Mashavu akainua mabega. Hapo Bwana Ngoda angeweza kusema la. Mkono wake ulikuwa karibu na muhuri, na watu wote waliona, na Sikudhani aliona kuliko wote. Hakuogopa kukemewa, aliogopa kurudi nyumbani na Hotuba za Ufunguzi ilhali sasa anajua. Kutokujua kuna usingizi wake. Lakini mtu akishajua, kulala ni kazi ngumu.

Mwenyekiti hakugusa muhuri. Aligeuza karatasi akasoma upande wa pili. Alisoma polepole, mpaka mwisho, akarudi juu.

"Bi Sikudhani, hii si orodha ya vitabu," alisema. "Hii ni orodha ya mtu. Havina hata majina."

"Sivijui majina, Mwenyekiti. Ningeyajua, ningekuwa nimekwisha visoma."

"Majina niachieni mimi," alisema Bi Mashavu kwa haraka, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Cha barua zisizofika ninacho. Ninacho cha nyota pia. Viko nyuma kule tangu nianze kazi, nasubiri mtu aviulize."

"Lakini viko sita," alisema Mwenyekiti. "Lazima viwe saba. Hiyo sheria naijua." Akamtazama, na sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayetaka kweli kufahamu. "Hivi viwili ni vya kijana. Hivi viwili ni vya mzee. Hivi umeviokota njiani. Wewe uliyesimama hapa mbele yangu, unataka nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa inasogea. Sikudhani alitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa swichi katika chumba cha wenyeji. Nyota, si zake. Herufi kubwa, bado. Akafikiria meza yake kiwandani, miaka yote ile: kurasa za mji mzima zilipita kwake kwanza, kabla ya yeyote, na alikuwa peke yake nazo, midomo imefungwa. Matangazo ya harusi, sheria, kalenda, hotuba. Maneno elfu kwa elfu yameingia kwa macho na hayakutoka popote.

"Kwa sauti," alisema, na alijisikia akilisema kabla hajajua atalisema. "Nataka kitabu cha kusoma kwa sauti. Miaka thelathini na moja nimesoma kimya, Mwenyekiti. Sijui sauti yangu ikisoma inasikikaje. Nataka kukisoma kwa sauti, mtu mwingine akisikia, na sote wawili tusijue kitakachofuata."

Akaandika cha saba hapohapo, mbele ya meza. Bwana Ngoda akavua kofia yake ya wadhifa, akaikuna ndani kama anayetafuta kitu.

"Mimi nilikuwa nafuga njiwa," alisema. "Kabla ya haya yote. Bi Mashavu, kuna kitabu cha njiwa?"

"Vitatu, Mwenyekiti."

"Vitatu!" alisema Bwana Ngoda, na mashavu yake yakapanda juu yakawa ya mtu mwingine, mdogo kwa umri. "Kuna mwenye kalamu?"

Hapo mambo yakaharibika vizuri. Mtu wa nyuma aliigeuza Orodha yake ya Wote akaona mgongo mweupe, akamwonyesha jirani. Kalamu zikaazimwa. Mwanamke mmoja akauliza kwa nguvu kama kuna kitabu cha kuogelea, kwa mtu asiyejua kuogelea na asiyekusudia kujifunza. Wazee wawili wakagombania kitabu cha vita ambacho bado hakijatafutwa. Mpiga king'ora aliachia mpini, akaja kuomba nafasi mezani, akakuna kichwa, akaandika, akafuta, akaandika. Na kwa kuwa yeye hakupiga, saa kumi haikufika. Ilingoja mlangoni mpaka watu wakamaliza.

Asubuhi ya kwanza ya Kiangazi Sikudhani aliketi kwenye kizingiti cha chumba cha tanuri cha mumewe na kile kitabu cha saba. Bi Mashavu alikuwa amekitoa nyuma ya rafu. Jalada lilikuwa limeng'oka na jina kwenda nalo. Ndani, Shaweji alikuwa anakanda mikate ya nyumbani, miwili tu, ya kula wao. Sikudhani akakohoa. Akaanza.

"Mwanamke mmoja aliamka akakuta mto umehamia uani kwake..."

Sauti ilitoka na kutu. Sentensi ya pili aliisoma kama tangazo la harusi. Ya tatu aliikimbia, akajikwaa, akarudi. Kisha mto wa kitabuni ukaanza kuzungumza, ukiomba radhi kwa kuja bila hodi, na Sikudhani akaona hawezi kuusemea mto kwa sauti yake ya kawaida. Akaushusha ndani ya koo, ukatoka mzito, wenye mapovu. Yule mwanamke akamjibu mto kwa ukali, nani atafua na nani atafuliwa, na hiyo sauti nayo aliipata, mahali fulani puani. Kurasa zikapinduka. Jua likapanda kizingiti kwa kizingiti. Jirani aliyekuwa anafagia aliacha kufagia, akabaki ameegemea ufagio. Ndani, mapigo ya mikono juu ya donge yalipungua, yakawa moja moja, yakakoma. Mwanamke wa kitabuni alikuwa amekubali. Alikuwa amekunja kanga yake, ametia mguu mmoja majini, na chini, badala ya mchanga, kidole chake kikagusa ngazi.

Hapo sura iliisha. Sikudhani akainua macho, akameza mate.

Shaweji alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imening'inia, unga unamdondoka vidoleni kwenye sakafu.

"Halafu?" akauliza.

"Sijui," alisema Sikudhani. Akalisema tena, kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni. "Sijui, Shaweji! Keti tuone."

Shaweji akaketi. Jirani akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Na Sikudhani akafungua ukurasa.